Kukaa Chini ya Wakili: Uanagenzi wa Sheria kati ya Riyadh, Jeddah na Pwani Yetu

Kijana wa Kiswahili anayemaliza shahada ya sharia au ya kanuni, yaani sheria za dola, katika chuo cha Saudi Arabia anajua tangu mwaka wa kwanza kwamba cheti peke yake hakimfikishi mahakamani. Msaudi aliyesoma naye darasa moja atatafuta ofisi ya wakili Riyadh au Jeddah, akae humo miaka akijifunza kazi, kisha aombe leseni. Mgeni haombi leseni hiyo, kwa sababu sheria inamtaka mwombaji awe raia. Atafunga vitabu vyake arudi Mombasa, Unguja, Kampala au Ujiji, na huko nako atakuta milango yenye masharti ya namna nyingine.

Nyuma ya safari hizo mbili kuna swali ambalo mataifa mengi yamelijibu kwa njia zinazopingana. Mtu huingiaje katika kazi ya sheria? Je, ni kwa kusoma kitabu na kufaulu mtihani, au ni kwa kukaa chini ya mtu anayeijua kazi, akamtazama, akamwandikia, akamkosea na kusahihishwa, mpaka naye akaaminiwa? Hoja ya makala haya ni kwamba uanagenzi ndiyo njia kongwe kuliko zote katika Hijazi na katika pwani yetu, na hata leo hakuna mfumo uliofanikiwa kuiondoa kabisa. Tatizo letu Waswahili ni kwamba tumebaki na vyuo, tumebaki na vyeti, lakini tumeliacha daraja la katikati lijengwe na bahati ya mtu.

Mlolongo wa walimu

Kabla ya chuo kikuu chochote kufunguliwa Afrika Mashariki, ukadhi ulikuwa na njia yake. Mtoto alianza chuoni kwa Qur'ani, akaingia darsa za nahau na fiqhi, kisha akamshika sheikh mmoja au wawili kwa miaka. Sheikh huyo mara nyingi alikuwa kadhi mwenyewe, au mtu ambaye makadhi walimwendea kuuliza. Mwanafunzi alisikiliza madai yakiletwa, akaona namna shahidi anavyohojiwa, akaandika hati za ndoa, wakfu na mirathi. Sheikh aliporidhika alimpa ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha na kutoa fatwa katika vitabu alivyosoma kwake.

Mifano inajulikana kwa majina. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, alipewa ukadhi wa Kilwa na Seyyid Said akiwa kijana wa miaka kama 18, akahamia Zanzibar na kuwa kadhi huko hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1896. Umri huo unashangaza leo. Lakini tukumbuke kwamba alikwisha kupita mikononi mwa walimu waliokuwa makadhi, miongoni mwao Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi wa Zanzibar. Sayyid Ahmed bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alisoma kwa baba yake, Hadhramaut, Istanbul na Cairo kabla ya kuwa kadhi aliyeheshimiwa kuliko wote Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1925.

Hijazi ilikuwamo katika mlolongo huu tangu mwanzo. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alisoma Makka katikati ya karne ya 19, akarudi Mombasa na kuwa kadhi. Sheikh Abdallah Bakathir, Mlamu, naye alikwenda Makka kwa wanavyuoni wa Kishafi wa mji ule, kisha akaja kufungua madrasa yake Ukutani, Unguja. Bakathir hakupata sifa zake kwa kukalia kiti cha hukumu. Alizipata kwa kuwafundisha watakaokikalia. Kwa waliosafiri namna hiyo, bandari ya Jeddah ilikuwa mlango wa elimu kabla haijawa mlango wa kazi.

Mlolongo ukaendelea. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mtoto wa Sheikh Ali, alifiwa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui aliyekuwa mwenyewe kadhi, akasoma pia kwa Bin Sumait na Bakathir Unguja. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alishika nafasi hiyo mwaka 1963, na mwaka 1968 akafuatiwa na Sheikh Abdallah Saleh Farsy kutoka Zanzibar. Sheikh Farsy alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi na hakuwa na shahada ya chuo kikuu, ila hakuna aliyethubutu kusema hakusoma. Yeye ndiye aliyetuandikia habari za wanavyuoni hawa, nani alisoma kwa nani, na kwa sababu hiyo tunaweza leo kuuchambua mfumo ambao vinginevyo ungebaki vinywani mwa wazee.

Mfumo ule ulimpa mwanafunzi mambo matatu kwa pamoja: elimu ya kitabu, mazoea ya baraza la hukumu, na jina la mtu anayemdhamini mbele ya jamii. Mifumo ya sasa imeyatenganisha mambo hayo, kila moja ikalipa mlinzi wake.

Miaka 3 chini ya leseni ya mtu mwingine

Saudi Arabia ya leo imeuweka uanagenzi ndani ya sheria. Sheria ya Uwakili iliyotolewa kwa amri ya kifalme mwaka 2001 ilitaka mwombaji wa leseni awe Msaudi, awe na shahada ya sharia au ya kanuni, awe na mwenendo mwema, na awe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3. Kama ilivyoandikwa wakati huo, shahada ya uzamili iliupunguza muda huo hadi mwaka 1, na ya uzamivu iliuondoa. Kwa kijana mwenye shahada ya kwanza, maana yake ilikuwa moja: tafuta wakili mwenye leseni akukubali, uandikishwe Wizara ya Sheria kama wakili mwanagenzi, uanze kuhesabu siku.

Ndani ya ofisi, mwanagenzi hupokea mteja, husoma faili, huandika layiha, yaani hoja za maandishi za shauri, hufuatilia tarehe, na baadaye husimama mahakamani kwa niaba ya wakili anayemsimamia. Mengi ya haya hayamo katika muhtasari wa chuo. Chuo kinamfundisha sharti za mkataba. Ofisi inamfundisha kumuuliza mfanyabiashara wa Jeddah maswali kumi mpaka aseme lile moja alilolificha, na kujua ni lini shauri linafaa kumalizwa kwa suluhu badala ya hukumu. Chama cha Mawakili cha Saudi Arabia, kilichoundwa mwaka 2015, kimeongeza kozi na miongozo juu ya hayo, lakini kiini kimebaki palepale: mtu mmoja aliyeizoea kazi anamchukua mtu mmoja asiyeizoea.

Upande wa majaji ni hivyo hivyo, pengine zaidi. Sheria ya Mahakama ya mwaka 2007 inataja ngazi za majaji, na ngazi ya chini kabisa ni ya mulazimu: mwanafunzi wa ukadhi anayeambatanishwa na mahakama, akae karibu na kadhi na ajifunze kwake kabla ya kukabidhiwa mashauri. Njia yake ya masomo hupitia kuliya za sharia, ya Makka iliyofunguliwa mwaka 1949 na ya Riyadh mwaka 1953, na wengi huendelea katika Taasisi ya Juu ya Ukadhi ya Riyadh iliyoanza katikati ya miaka ya 1960. Hata baada ya miaka yote hiyo ya masomo, dola haikuona kwamba darasa linatosha. Iliweka ngazi nzima kwa ajili ya kukaa na kutazama.

Kulikuwa na sababu ya ziada. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya sheria ya nchi haikuwa imeandikwa katika vifungu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, makadhi walielekezwa kwenye vitabu maalumu vya fiqhi ya Kihanbali, na kila kadhi alikuwa na nafasi pana ya kuamua. Katika hali hiyo, kujua sheria kulikuwa pia kujua kadhi huyu huamuaje na yule huamuaje, na elimu hiyo haipatikani ila kwa anayeingia na kutoka mahakamani kila wiki.

Hali hiyo imebadilika mbele ya macho yetu. Sheria ya Ushahidi ilitolewa mwishoni mwa 2021, Sheria ya Hali za Watu, inayohusu ndoa, talaka na malezi, ikafuata mwaka 2022, na Sheria ya Miamala ya Kiraia ikatolewa mwaka 2023. Mashauri mengi hufunguliwa na kufuatiliwa kupitia jukwaa la mtandaoni la Najiz, na vikao vingi husikilizwa kwa njia ya mtandao. Wapo wanaodhani mabadiliko haya yataupunguza uanagenzi thamani, kwa kuwa sheria sasa inasomwa na kila mtu. Mimi naona kinyume. Kifungu kipya hakina mazoea nyuma yake. Wakili wa zamani na mwanagenzi wake wanakisoma kwa pamoja kwa mara ya kwanza, na anayejua fiqhi iliyokizaa kifungu hicho ndiye atakayejua mipaka yake. Hatari iko kwingine. Mwanagenzi anayekaa mbele ya kompyuta akipakia layiha anaweza kumaliza miaka yake yote bila kusikia wakili wake akizungumza na mteja aliyekata tamaa. Muda utakuwa umetimia na mafunzo hayajaanza.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2013

Hakuna kisa kinachoonyesha nguvu ya uanagenzi, kwa heri na kwa shari, kuliko kile cha wanawake wa Saudi Arabia. Wanawake waliruhusiwa kusoma kanuni, wakahitimu, lakini hawakuandikishwa kama mawakili wanagenzi. Shahada walikuwa nayo. Kilichozuiwa ni hatua moja tu ya katikati, na hatua hiyo ilitosha kuwafungia uwakili wote.

Mwezi Aprili 2013, Arwa al-Hujaili, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz cha Jeddah, aliandikishwa kuwa wakili mwanagenzi wa kwanza mwanamke nchini. Mwezi Oktoba mwaka huohuo wanawake wanne walipewa leseni kamili, mmoja wao Bayan Zahran wa Jeddah, ambaye mwanzoni mwa 2014 alifungua ofisi yake ya uwakili.

Funzo lake linatuhusu. Anayetaka kulizuia kundi fulani lisiingie katika kazi ya sheria hahitaji kulinyima shule. Inatosha kulinyima mtu wa kulipokea ofisini. Na anayetaka kulifungulia hahitaji kujenga chuo kipya. Inatosha kuiweka hatua ile ya katikati wazi, kwa jina la sheria, bila kumwachia kila mwenye ofisi achague kwa hiari yake.

Sisi tulio wageni

Kwa Mswahili aliye Riyadh au Jeddah, mlango wa uwakili wenyewe umefungwa na sharti la uraia. Wageni wamefanya kazi za sheria kwa miaka mingi kama washauri ndani ya ofisi zenye leseni ya Msaudi, Wamisri na Wasudani wakiwa mfano unaojulikana. Mwezi Machi 2023 kampuni tatu kubwa za kigeni, Clifford Chance, Herbert Smith Freehills na Latham & Watkins, zilipewa leseni za kwanza za kufanya kazi kwa majina yao nchini. Milango hiyo inawahusu wanasheria wachache wenye uzoefu wa biashara kubwa. Inawagusa kidogo sana watu wetu, ambao wengi wao wako katika kazi za nyumbani, udereva, ulinzi na usafi.

Lakini watu wetu wanaihitaji sheria kila siku. Kuna mshahara uliocheleweshwa, ikama, yaani kibali cha kukaa, iliyokwisha muda, kafili, yaani mdhamini, asiyetaka kutoa ruhusa, mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na kutiwa saini na asiyekisoma. Sheria ya Kazi inataka mikataba iwe kwa Kiarabu, na mahakama husikiliza kwa Kiarabu, asiyekijua akaletewa mkalimani. Mahakama za kazi ziko chini ya Wizara ya Sheria tangu 2018, na kabla ya kufika huko, mgogoro hupitia kwanza hatua ya suluhu. Wafanyakazi wa nyumbani wako nje ya Sheria ya Kazi. Wana kanuni zao, zilizotolewa mwaka 2013 na kuandikwa upya baadaye, na kwa miaka mingi madai yao yalisikilizwa na kamati zao. Mtu asiyejua tofauti hiyo hupoteza wiki nzima akienda mahali pasipo pake.

Katika nafasi hiyo umezaliwa uanagenzi usio na jina. Ni yule mwanafunzi wa sharia anayejua Kiarabu, anayepigiwa simu na dada wa kazi asiyemfahamu, akamsomea mkataba wake. Ni yule aliyekaa nchini miaka mingi, anayejua ofisi ipi inapokea malalamiko gani na karatasi ipi isisahaulike. Watu hawa wanaijua kazi ya msaidizi wa kisheria kwa vitendo. Wanajifunza wao kwa wao, mkongwe akimwelekeza mgeni, bila usimamizi, bila kumbukumbu, na bila ulinzi wanapokosea. Wanaporudi nyumbani ujuzi huo unazikwa, kwa kuwa hakuna anayeuhesabu.

Wakati huohuo sheria zetu zina mahali pa kuwapokea. Kenya ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2016, Tanzania Bara mwaka 2017 na Zanzibar mwaka 2018, na zote zinamtambua msaidizi wa kisheria asiye wakili. Daraja la kuwatoa Jeddah na kuwafikisha kwenye sheria hizo halijajengwa.

Kutoka Madina hadi kwenye kiti

Kundi la pili ni wahitimu wa sharia. Tangu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilipofunguliwa mwaka 1961, vijana wa Afrika Mashariki wamekwenda huko kwa ufadhili, na wengine wamesoma Makka, Riyadh na Jeddah. Wanarudi na Kiarabu imara na fiqhi pana. Miongoni mwao wapo wanaotazamia ukadhi.

Nchini Kenya, mahakama za kadhi zilihakikishwa kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, zikawekewa sheria yake mwaka 1967, na Katiba ya 2010 ikazithibitisha. Ibara ya 170 inamtaka kadhi awe Mwislamu na awe na elimu ya sheria ya Kiislamu ambayo Tume ya Utumishi wa Mahakama itaona inatosha. Mamlaka yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mahakama hiyo. Zanzibar ina sheria yake ya mahakama ya kadhi ya mwaka 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Uganda iliwataja makadhi katika Katiba ya 1995 na kuliachia Bunge utekelezaji. Tanzania Bara, makadhi wapo chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, bila mahakama ya dola.

Sasa tumtazame mhitimu huyu anapoketi Lamu au Mkokotoni. Amesoma katika mazingira ya Kihanbali. Watu walio mbele yake ni Washafi. Amesoma kwa Kiarabu. Shauri linaletwa kwa Kiswahili cha mitaani, limejaa mambo ya shamba, mkarafuu, nyumba ya urithi isiyogawanywa tangu babu afe, mahari ambayo haijalipwa. Anatakiwa kujua kanuni za ushahidi na za mwenendo wa mashauri za nchi, kwa kuwa rufaa yake itakwenda mahakama kuu. Hakuna kitabu kimoja kinachoyakusanya haya, na darasa la Madina halikuwekwa kwa ajili ya hayo.

Watafiti waliokaa katika mahakama zetu wametuonyesha gharama. Susan Hirsch, aliyefanya utafiti wake katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, na Erin Stiles, aliyefanya wake kaskazini ya Unguja, wote wamewaona wanawake wakiwa wengi miongoni mwa wanaoleta madai: matunzo, talaka, haki za watoto. Stiles ameonyesha pia kazi ya makarani, ambao huisikiliza hadithi ndefu ya mlalamikaji na kuigeuza kuwa dai ambalo kadhi anaweza kulisikiliza. Karani yule hakufundishwa chuoni. Alifundishwa na karani aliyemtangulia na kadhi aliyefanya naye kazi. Kadhi mgeni asiyepita kwenye meza hiyo hujifunza akiwa tayari anahukumu. Anayelipa ada ya masomo hayo ni mama aliyesafiri kutoka kijijini kudai chakula cha wanawe.

Njia za wengine

Upande wa mawakili, Afrika Mashariki iliurithi uanagenzi wa Kiingereza kisha ikaufupisha. Uingereza ilikuwa imewataka mawakili wake, tangu sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1720, wafanye kazi chini ya wakili kwa miaka 5. Kwa Mwafrika wa wakati wa ukoloni hilo lilikuwa gumu mara mbili: ofisi za Nairobi zilikuwa za Wazungu na Wahindi, na masomo yalikuwa London. Kamati iliyoongozwa na Lord Denning ilitoa ripoti yake mwaka 1961 kuhusu elimu ya sheria kwa Waafrika. Mwaka huohuo Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kikafunguliwa, cha kwanza Afrika Mashariki, na mwaka 1963 Chuo cha Sheria cha Kenya kikaanza. Uganda ilipata kituo chake cha mafunzo ya sheria mwaka 1970. Tanzania ilitunga sheria ya Shule ya Sheria mwaka 2007, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 2008.

Leo mhitimu wa Kenya husoma mwaka 1 katika Chuo cha Sheria na kukaa miezi 6 chini ya wakili. Tanzania, mwaka wa Shule ya Sheria huwa na kipindi cha mazoezi ofisini na mahakamani. Uanagenzi umebaki, lakini umekuwa kipande kifupi baada ya miaka mingi ya ada.

Uingereza yenyewe imerudi nyuma. Tangu 2016 kijana anaweza kuwa wakili bila kwenda chuo kikuu kwa njia ya kawaida: anaajiriwa na ofisi, anafanya kazi na kusoma kwa takriban miaka 6, analipwa mshahara, kisha anafanya mtihani uleule wanaoufanya wengine. California inaruhusu mtu asome miaka 4 chini ya wakili au jaji, saa 18 kwa wiki, kisha afanye mtihani wa uwakili. Njia hizi mbili zinafanana katika jambo moja kubwa: mlango wa kuingilia ni wa uanagenzi, na mlango wa kutokea ni mtihani wa wote. Mwalimu anafundisha, ila hamtawazi mwanafunzi wake peke yake.

Kasoro zake tuziseme

Anayeutetea uanagenzi lazima akabiliane na kasoro zake. Ya kwanza ni undugu. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ukiusoma tena mlolongo wa makadhi wetu utaona baba na mwana: Sheikh Burhan mwana wa Abdulaziz al-Amawi, Sayyid Omar mwana wa Ahmed bin Sumait aliyekuwa naye Kadhi Mkuu wa Zanzibar, na Mazrui kizazi baada ya kizazi. Walikuwa wanavyuoni wa kweli, na hakuna anayewapunguzia. Lakini ni wangapi wenye akili kama yao, watoto wa wavuvi na wakwezi, ambao hawakuwa na sheikh nyumbani? Ofisi za mawakili za leo, Nairobi hata Riyadh, zina ugonjwa uleule: anayepokelewa ni aliyepigiwa simu na mjomba.

Ya pili ni unyonyaji. Mwanagenzi anamhitaji msimamizi kuliko msimamizi anavyomhitaji yeye. Saini ya msimamizi ndiyo itakayompa leseni, na mwenye saini hiyo anaweza kumlipa kidogo, au asimlipe, au amfanye mpeleka barua kwa miaka. Ya tatu ni urithi wa makosa. Mwanafunzi huchukua ya mwalimu mazuri na mabaya. Kama kadhi ana mazoea ya kumkatiza mwanamke anapozungumza, mulazimu wake atadhani hiyo ni adabu ya baraza.

Darasa lilibuniwa kwa sehemu ili kuyatibu haya, na limeyatibu kwa kiasi. Limeleta mizani moja kwa wote. Hata hivyo darasa nalo lina undugu wake, ule wa fedha: ada, nauli, pango na mwaka mzima bila kipato. Kwa hiyo chaguo lililo mbele yetu ni kati ya uanagenzi uliofichika, unaowafaa wenye jamaa, na uanagenzi ulio wazi, wenye sheria, malipo na mtihani mwishoni.

Yanayowezekana

La kwanza linahusu makadhi. Tume ya Utumishi wa Mahakama ya Kenya na mamlaka za Zanzibar zinaweza kuweka ngazi ya kadhi mwanagenzi: mwaka mmoja au miwili, nafasi zinatangazwa, wahitimu wa vyuo vyote wanashindania, posho inalipwa, na mwanagenzi anapitishwa kwa makadhi zaidi ya mmoja, mjini na shamba, ili asirithi mazoea ya mtu mmoja. Aanzie kwenye meza ya karani. Saudi Arabia, ambako wengi wa wahitimu wetu wamesoma, kwa kawaida haimpi raia wake kiti bila kupita kwenye ngazi ya mulazimu. Tumechukua vitabu vyao na kuiacha ngazi hiyo.

La pili linawahusu wanafunzi wenyewe walioko Madina, Makka, Riyadh na Jeddah. Likizo ni ndefu. Anayekusudia ukadhi aandike barua mapema kwa mahakama ya kadhi ya kwao, aombe kukaa na kusikiliza, asome sheria za nchi yake sambamba na Al-Mughni ya Kihanbali na Minhaj ya Kishafi. Jumuiya za wanafunzi zinaweza kulipanga hili kwa pamoja, ili mtoto asiye na sheikh katika ukoo apate barua ileile anayopata mwenye naye.

La tatu linazihusu balozi zetu zilizoko Riyadh. Watu wanaowasaidia wafanyakazi kusoma mikataba na kufuatilia madai wanastahili kufundishwa, kusimamiwa na wakili mwenye leseni, na kupewa mipaka iliyo wazi, wajue lipi walifanye na lipi walipeleke kwa wakili. Kazi yao iandikwe, na barua ya uthibitisho itolewe. Sheria za msaada wa kisheria za Kenya, Tanzania na Zanzibar zitakapoupokea uzoefu huo, dereva aliyewatetea wenzake Jeddah kwa miaka mingi anaweza kurudi Tanga akiwa msaidizi wa kisheria anayetambulika, na akitaka kuendelea na stashahada na hatimaye shahada, asianze kama mtu asiyejua kitu.

La nne ni kwa mawakili na makadhi walio kazini sasa. Kila mmoja wao alipokelewa na mtu. Kumpokea kijana asiye na jamaa, kumlipa, kumruhusu aulize, na kumsahihisha bila kumdhalilisha, ni sehemu ya kazi yao na inafaa iandikwe hivyo katika kanuni za vyama vyao.

Sheria ya ndoa, ya mirathi na ya ujira inamgusa maskini kabla ya tajiri, kwa kuwa tajiri ana njia nyingine za kujilinda. Mtu atakayemsomea maskini sheria hiyo, atakayemwandikia dai lake na atakayelihukumu, anatengenezwa na chuo pamoja na mwalimu wa kazi. Vyuo tunavyo, Madina hadi Dar es Salaam. Walimu wa kazi tunao, katika kila mahakama ya pwani na katika kila mtaa wa Jeddah wenye Waswahili. Kuwakutanisha wanafunzi na walimu hao kwa utaratibu wa haki ni kazi ya serikali zetu, tume zetu na vyama vyetu, na inaweza kuanza kwa tangazo moja la nafasi lililo wazi kwa kila mtu.